Sindano za akupancha hufanya nini mwilini?

Ndugu, umeuliza sindano nyembamba ya akupancha, tiba ya asili ya Kichina, isiyo na dawa, inawezaje kutuliza maumivu ya mgongo wako. Ikichomwa huamsha neva za kwenye msuli. Taarifa hupanda kupitia uti wa mgongo hadi kwenye ubongo, nao humwaga endofini, dawa ya maumivu ya mwili wenyewe. Mwaka 1977 watafiti waliwapa watu waliochomwa sindano hizo naloksoni, dawa inayozuia endofini kufanya kazi, na ile nafuu ikapungua.

Ila katika majaribio mengi hata sindano za kuigiza (zisizochoma kweli au zinazochomwa mahali pasipo rasmi) zimeleta nafuu inayokaribiana, kwa hiyo matarajio nayo yanachangia (mimi hilo halinikeri, ilimradi maumivu yamepungua).

Dai sindano mpya, za kutumika mara moja. Kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari kwanza. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukikutoka bila kujua, kimbilia hospitali.