Kabla hamjabandika vigae, niambieni maji ya friji yanaenda wapi

Juzi nilipita saiti moja pale Ntinda, Kampala, kumsalimia kijana niliyemfundisha kazi. Anasimamia ujenzi wa duka la kujihudumia, ghorofa ya chini. Akanifungulia mchoro kwenye simu kwa furaha: shelfu zimepangika, kaunta sita za malipo, rangi ya ukuta imeshachaguliwa. Nyuma yake mafundi wawili walikuwa wamepiga magoti wakibandika vigae. Nikamuuliza, "Mwanangu, friji zinakaa wapi?" Akanionyesha. "Na maji yake?" Akatazama sakafu, kisha akanitazama mimi. Nikawaomba wale mafundi wakanywe chai kwanza.

Nampenda kijana yule, na usiku ule sikulala vizuri. Hili ni duka la nne mwaka huu ninalolikuta hivyo. Ninyi mnaoanza kusimamia ujenzi wa maduka, nawaomba mnisikilize.

1. Anzeni na nyuma ya duka. Mlango wa mizigo, stoo, chumba cha baridi, njia ya takataka, mbele kutajipanga. Kontena la futi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 12, na kichwa cha lori bado hamjakihesabu. Nalijua duka moja zuri sana ambalo lori halifiki mlangoni. Sukari inabebwa mabegani kutoka barabara kuu, gunia kwa gunia, mvua inanyesha, na vijana wanateleza. Mwenye duka aliniita nimsaidie, lakini ukuta wa jirani hausogei. Linaendelea hivyo hadi leo.

2. Umeme wa fezi tatu, ule wa mashine kubwa, uombwe UEDCL, shirika la kusambaza umeme Uganda, siku ileile mkataba wa pango unaposainiwa, pamoja na mzigo wote: friji, oveni za mkate, viyoyozi. Jenereta ipate nafasi yake kabla hamjachora maegesho.

3. Maji ya friji. Hapa nitakaa.

Zile kabati ndefu za maziwa zisizo na mlango, na friza za nyama, hujiyeyusha barafu kwa ratiba, mchana na usiku. Maji hutokea chini ya kabati. Yanahitaji tundu sakafuni na bomba lenye mteremko, walau sentimita 1 kwa kila mita, hadi kwenye chemba, lile shimo la nje linalopokea maji machafu. Yote hayo hulazwa kabla ya zege la sakafu.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilipewa duka la mama mmoja, Hajati, aliyekuwa ameuza shamba ili alijenge. Alitaka kufungua Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Aliyewahi kuuza duka Uganda anazijua wiki zile: wazazi wananunua ndoo, sabuni, fagio, sukari, karatasi za chooni na magodoro ya watoto wa bweni. Mapato yake ndiyo yanayobeba miezi mikavu inayofuata.

Muuza friji alinitumia michoro ya matundu mwanzoni mwa Desemba. Niliiona imeingia. Sikuifungua. Hajati alikuwa akija kila jioni na nilitaka akute kitu kinang'aa. Vigae vinang'aa, mabomba ya chini hayaonekani. Nikamwambia foromani, mkuu wa mafundi, afunge sakafu. Mzee yule, aliyenizidi umri kwa miaka 20, aliniuliza mara mbili: "Bosi, chini kumekwisha?" Nikamjibu kumekwisha.

Friji zilifika kutoka Mombasa kupitia Malaba wiki ya pili ya Januari. Tulipofungua kreti ya kwanza nikaona mdomo wa bomba chini ya kabati, na mikono ikaniisha nguvu. Kabati tisa, na sakafu haina tundu hata moja. Nikaweka ndoo chini ya kila kabati. Zilijaa usiku, na asubuhi maji yalikuwa yamefika kwenye shelfu za unga.

Tukavunja, siku 11. Vumbi liliingia kwenye feni za friji mpya. Tulipokata zege tulikata na ile nailoni ya kuzuia unyevu, na miezi michache baadaye vigae vikaanza kuinuka palepale. Shule zilifunguliwa Hajati akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akiwatazama wazazi wakipita na magodoro juu ya bodaboda, wametoka kununua kwingine.

Aliniuliza, "Mwanangu, ulikuwa hujui?" Nikamjibu kwamba foromani alifunga sakafu bila kuniuliza.

Mzee aliondolewa siku hiyohiyo, bila malipo ya wiki mbili. Ilinichukua miezi minne kufika kwake Bwaise na fedha zake mkononi, kumwomba msamaha. Alizipokea, akanipa chai, na hakufanya kazi nami tena. Kesho yake nilimwambia Hajati ukweli. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama yule mzee ana watoto.

Tangu hapo sifungi sakafu kabla ya kuchora kila friji kwa chaki, kwa ukubwa wake halisi, na msalaba penye kila tundu. Kisha ninamwaga ndoo ya maji kwenye kila bomba na kwenda kusimama kwenye chemba kuyaona yakitoka. Foromani akiniuliza jambo mara mbili, ninasimamisha kazi.

4. Kioo kikubwa kisielekee magharibi bila kibaraza kirefu. Tuko karibu na ikweta. Jua la saa kumi linaingia hadi kaunta za malipo, na makeshia ndio wanaoungua.

5. Mnaokarabati: mwaka 2021 maduka makubwa ya Shoprite yalipoondoka Uganda, wenzao wa Carrefour waliingia katika baadhi ya majengo yao, na wenye maduka wengi wadogo hurithi vivyo hivyo. Anayerithi duka hurithi na mitaro yake. Msiamini michoro ya zamani. Fungueni kila chemba mwage maji. Na paa lifungwe kabla ya mvua za Machi au za Septemba.

6. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 inataka kibali cha ujenzi kabla ya kuanza na kibali cha kukalia jengo kabla ya kufungua. Rampu ya mlangoni: mita 1 ya kupanda kwa 12 za kwenda, ili mwenye kiti cha magurudumu aingie bila kusukumwa.

Kijana wa Ntinda alinipigia jana jioni. Mistari minne ya vigae imeng'olewa, matundu saba yamechorwa. Mwenye duka amekasirika, na Jumatatu nitakwenda kuzungumza naye, kijana akiwa kando yangu. Nimemwambia atafute chaki ya buluu. Nyeupe inafutika mafundi wakimwagia zege maji.