Mume wangu alinipeleka ziwani wakati wa mvua, akakaa kimya siku nzima

*Shangazi, naomba unisaidie. Mume wangu ni dereva wa lori, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine hadi Juba. Tumeoana miaka 14. Novemba iliyopita, watoto wakiwa bweni, aliniambia jioni kwamba kesho tunaenda visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria, kupumzika. Nilifurahi sana, nikafungasha magauni matatu mapya. Tukafika Kalangala katikati ya wiki, mvua inanyesha, ufukwe mtupu. Nyumba aliyokodi ilikuwa ya vyumba viwili na baraza, na hapakuwa na mtu wa kuyaona magauni yangu ila mlinzi na mbwa wake. Siku nzima baba watoto alikaa barazani anatazama maji. Mimi nikapika chai, nikapika chakula cha mchana, nikaosha vyombo, nikapika cha jioni. Saa kumi aliniita mara moja tu: "Njoo uone." Nikamjibu nikiwa jikoni, "Nimeona." Ilikuwa mvua tu inakuja. Wifi yangu anasema mke hupelekwa ziwani wakati wa mvua, mwingine hupelekwa Krismasi watu wakiwepo. Akaongeza kwamba kimya kingi kina mshindo. Sasa ameshalipia nyumba ileile, Aprili. Nikatae, nimwombe hizo pesa niongeze vitenge dukani? — Mama wa Busia*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale, saa kumi, alipokuita.

Kwanza nimalizane na wifi. Mtu anayemficha mke wake hampandishi feri mchana kweupe, akashuka naye gatini na mabegi mkononi. Baba watoto ni dereva wa masafa marefu. Krismasi ambayo wifi anaizungumzia, mwenzako huwa yuko barabarani na mizigo ya sikukuu, au amekwama kwenye foleni ya malori mpakani Malaba. Na hata angepata likizo, Desemba pale ufukwe wa Lutoboka, Kalangala, muziki hulia hadi alfajiri na bei ya vyumba hupanda. Novemba watoto wako shuleni, nyumba ni rahisi, ufukwe ni wenu wawili. Mimi naona mtu aliyepiga hesabu, akatafuta siku anazoweza kuzilipia bila kukopa. Sijasoma popote kwenye barua yako jambo la kukutia shaka naye, ila maneno ya wifi. Methali yake mrudishie mwenyewe.

Sasa kimya chenyewe. Marehemu mume wangu alifanya kazi kiwanda cha nguo, Jinja, upande wa mashine za kufumia. Ukiingia humo ndani unamwona mtu anafungua mdomo na humsikii. Alikuwa akirudi nyumbani namwandalia chakula na maswali. Anakula, maswali anayaacha. Niligombana naye kwa miaka. Nilidhani ananinyima maneno, kumbe masikio yake yalikuwa bado yamejaa kiwanda. Wako anaishi juu ya injini. Honi, polisi wa barabarani, wakala wa forodha anayempigia simu usiku, mwenye gari anayeuliza "umefika wapi?" kila baada ya saa mbili. Akirudi Busia anakuta ada za shule, jirani, televisheni. Nadhani baraza ile ndiyo mahali pa kwanza kwa muda mrefu ambapo hakuna aliyemwuliza kitu.

Halafu katika kimya chote hicho akakuita.

Ulisema ilikuwa mvua tu. Mwanangu, hukuiona. Mimi niliwahi kuiona, siku ya Aprili, nimekaa upenuni na marehemu kisiwani Bugala, hukohuko Kalangala mlikokwenda. Mvua ya ziwani huiona kabla hujaisikia. Inasimama mbali kama pazia la kijivu, kisha inaanza kutembea. Mbele yake maji bado yanang'aa, nyuma yake yamegeuka meupe, na mpaka kati ya mng'ao na weupe unausogelea ufukwe kwa mwendo wa mtu anayetembea. Siku ile kulikuwa na mdiria, yule mweusi kwa mweupe, amesimama angani anapiga mbawa papo hapo juu ya maji, anatafuta samaki, na mvua inamjia mgongoni. Akajitupa, akaibuka na dagaa mdomoni, akaruka hadi mtini matone ya kwanza yakiwa yameshafika. Baadaye ndiyo tukausikia mlio, kama lori la mchanga linamwagwa, na mabati yakaanza. Marehemu hakusema kitu. Alinigusa kiwiko tu, nami nikajua. Hicho, au kitu cha namna hiyo, ndicho baba watoto alichokuitia saa kumi. Siku nzima hakuwa na maneno, yalipomjia mawili aliyaleta kwako.

Ila sitakuacha ubebe lawama, maana hapa ndipo nakutetea, na kama anasoma gazeti hili kando ya barabara nataka asikie. Alikodi nyumba, hakukodi mapumziko yako. Hoteli ina mpishi. Nyumba ya kukodi ina jiko, na jiko likiwepo sisi wanawake tunaingia humo hata hatujaambiwa. Chai, mchana, vyombo, jioni: hiyo ni siku yako ya Busia, umeihamishia kisiwani na kuivusha kwa feri. Yeye alipumzika juu ya mikono yako. Usingeweza kuiona mvua na sufuria ikiwa motoni, na aliyepaswa kulifikiria hilo ni yeye aliyekupa habari za safari jioni ya kuamkia siku yenyewe.

Kwa hiyo nenda, lakini si kama mara ile. Apige simu mapema kwa mtunza nyumba, atafute mama wa pale jirani anayepika kwa malipo. Samaki wa mwaloni hawahitaji kubebwa kutoka Busia. Sato wa mchuzi na ndizi vinatosha mlo mkubwa mmoja kwa siku. Asubuhi mkate na karanga. Na chai aipike yeye. Madereva wa Malaba tunawaona na sigiri kando ya lori, wanasonga ugali na kukaanga nyama foleni isipotembea. Anayejua kupika chini ya trela anajua kupika barazani. Mwambie hivyo kabla ya safari, kwa sauti ya kawaida, mkiwa mnakula. Usingoje mfike kule ndipo ununue ugomvi.

Pesa za vitenge ni jambo jingine, lizungumzeni kwa siku yake. Nyumba imeshalipiwa, na mwenye nyumba akirudisha atarudisha nusu na maneno. Lakini siwezi kukuambia tu kwamba imeshalipiwa. Mtu aliyekaa kimya mahali fulani siku nzima, akarudi nyumbani akaweka akiba ya kwenda tena na wewe, amekuambia kitu. Ukimwambia akupe hiyo akiba ununulie mzigo, sidhani kama ataomba mara ya tatu.

Maneno machache ya safari, kwa kuwa hukuuliza nami nina wasiwasi. Tazameni kalenda: kama siku hizo zimeangukia Pasaka, azisogeze, maana mtakuta umati mlioukimbia. Feri ya Nakiwogo, Entebbe, huondoka mchana na kurudi asubuhi, safari ya saa tatu na nusu hivi, kwa hiyo mkilala usiku mmoja tu mtakuwa mmefika na kuondoka. Laleni mara mbili ndipo mpate siku kamili katikati. Njia ya Masaka kupitia Bukakata ni fupi kwa maji, na feri yake haina nauli. Mitumbwi ya alfajiri msiipande msimu huo. Dhoruba za ziwa lile hupenda kuchacha usiku kuelekea asubuhi. Na maji yale ni mazuri kutazama, lakini yana kichocho. Konokono wanaokieneza hukaa penye matete na maji yaliyotulia, hasa hapo ufukweni ambapo mtu hutamani kulowesha miguu. Kama Novemba mliingia majini, nendeni kituo cha afya mpimwe. Dawa ipo, prazikwanteli, wahudumu wanaijua.

Usiku, kama hakuna mwezi, zimeni taa mtoke nje. Wavuvi wa mukene, yaani dagaa wa ziwa lile, huvua kwa taa gizani, na mtaona taa zao zimejipanga mbali kwenye maji kama mji. Hapo huenda akazungumza. Asipozungumza, kaa naye. Usimwulize anawaza nini. Mwambie wewe unawaza nini, maana kwenye barua yako yote hamna mahali ulipomwambia kwamba uliumia.

Anza na yale magauni. Uliandika hapakuwa na mtu wa kuyaona ila mlinzi na mbwa wake. Baba watoto alikuwepo, mwanangu. Hukuandika kama uliyavaa. Aprili fungasha yaleyale matatu, na siku ile ya katikati, kabla ya saa kumi, vaa unalolipenda zaidi, uvute kiti cha pili barazani.