Kwa Mnaokuja Newala Kukusanya Mila

Mdogo wangu, ukishuka basi Newala na daftari lako, usianze na ndonya, lile pambo la mdomoni. Najua ndiyo iliyokuleta. Mimi nilianza nayo siku ya kwanza, uani kwa bibi mmoja aliyekuwa akibangua korosho. Shikamoo yenyewe haijapoa, nikamuuliza kwa nini zamani wanawake wa Kimakonde walitoboa mdomo wa chini. Akaniangalia, akagusa mdomo wake wa juu, akaendelea kubangua.

Nilikuwa nimesoma habari za Wamursi wa bonde la Omo, Ethiopia, ambao wanawake wao huvaa kisahani kwenye mdomo wa chini, nikawabebesha Wamakonde. Ndonya ni ya mdomo wa juu. Kosa dogo kwenye karatasi, lakini kwa bibi yule mama yake mzazi ndiye niliyemkosea.

Kosa la pili lilikuwa zito zaidi. Nilikwenda na jibu mfukoni: kwamba walijitoboa ili wateka watumwa wawaone wabaya. Utalisikia hata kwa wenyeji. Bibi alisema mama yake alivaa ili apendeze, basi. Maelezo hayohayo yalisambazwa kuhusu Wamursi, na David Turton, aliyeishi nao na kuwasoma kwa miaka mingi, hakuyakubali. Jibu likikujia limekamilika kabla hujauliza, liandike pembeni, usilipeleke kwenye ripoti.

Nembo nayo, zile chale za usoni zilizosuguliwa mkaa, iulize kwa upole. Mwenye nayo ameibeba usoni maisha yake yote.

Msimu wa korosho ukipamba moto, usitegemee mtu kukaa nawe kutwa. Nenda baada ya mavuno, wakati wa jando na unyago. Na hapo ujue mipaka. Mambo ya kambini ni ya waliopita kambini; ukiambiwa "hapo basi", funga daftari. Unyago wa wasichana, kama wewe ni mwanamume, usiuchungulie. Kwenye ngoma ya mapiko usimuulize mtu mbele ya watoto nani yuko ndani ya kinyago. Wengine wataona unapoteza data. Mimi naona unalinda kitu ambacho si chako.

Kilichonifungulia milango ni kutoa kabla ya kuomba. Jioni moja niliwasimulia wazee famadihana ya nyanda za juu za Madagaska, jamaa wanavyowatoa wafu wao kaburini, wakawafunga sanda mpya na kucheza nao ngoma. Kimya kikatanda. Kisha mzee mmoja akasema, mbona huku mtani hujilaza kaburini, maiti hazikwi mpaka apewe chochote? Tukazungumza utani wa misibani hadi usiku. Vijana walipenda zaidi kisiwa cha Pentecost, Vanuatu, ambako wanaume hujirusha kutoka mnara wa miti wakiwa wamefungwa kamba za mimea ya kutambaa miguuni, msimu wa viazi vikuu. Walitaka kujua kamba hukatwa lini, nikawaeleza hukatwa zikiwa bado na utomvu, maana zikikauka hukatika.

Kabla hujakabidhi kazi, rudi uwasomee. Nilirudi kwa bibi, nikamsomea ukurasa wake pale uani. Alinisimamisha mara tatu, na mara ya tatu aliniambia nifute neno "ajabu".