Maji ya tufe la theluji yamegeuka ya kuoshea mchele: nimekosea wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Krismasi hii nilitaka kuuza matufe ya theluji (kile chombo cha kioo chenye maji, ukikitikisa chenga zinaanguka kama theluji) yenye Mlima Kilimanjaro ndani. Nilichukua chupa 12 za jemu, za mililita 300, nikatengeneza milima kwa jipsam ya dari, nikaipaka rangi ya maji na kuibandika kwenye vifuniko kwa gundi ya bunduki, ile inayoyeyushwa kwa joto. Nikajaza maji ya bomba, vijiko viwili vya gliserini, na glita. Siku ya kwanza kila aliyeona alitaka. Siku ya nne maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele, glita imepanda juu na kushikana kama utando wa maziwa, na milima mitatu imeng'oka. Nimekosea wapi? Naweza kuziokoa? Moja nilishamwahidi dada yangu aliyeko Minneapolis, kuna mgeni atambebea. Na je, naweza kutengeneza ya kutundika kwenye mti? — Mama wa wawili, Moshi

JIBU: Mama, pole na hongera kwa pamoja. Wazo la kuweka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ndani ya tufe la theluji ni zuri, maana ni mlima wetu ambao theluji yake si ya kuigiza. Chupa utaziokoa zote. Milima hapana.

Jipsam ndiyo jasi. Ikikauka unaigonga kwa kucha unadhani jiwe, lakini majini inaliwa polepole: lita moja ya maji huyeyusha takriban gramu 2. Kwa hiyo kila chupa yako imeshakula zaidi ya nusu gramu ya mlima. Ile iliyoyeyuka huioni, kama usivyoiona chumvi kwenye mchuzi. Unachokiona ni unga uliolegea pale ngozi ya mlima ilipoliwa, pamoja na rangi ya maji iliyobanduka nayo. Kuipaka vanishi juu husaidia kwa wiki kadhaa tu, kisha maji hupata kitundu na kazi inaanza upya.

Lakini usiibebeshe jasi lawama zote. Weka chupa moja mahali pasipotikiswa usiku kucha. Asubuhi, ukikuta maji ya juu yamesafika na chini kuna unga mweupe, mwizi ni jasi. Ukikuta bado yana ukungu, na ukifungua yananuka kama maji ya maua yaliyosahaulika mezani, hao ni bakteria. Gliserini ikiwa peke yake, nzito, haiozi. Ukiizimua kwa maji inakuwa chakula chao. Nadhani kwako yapo yote mawili.

Kwa hiyo achana na maji ya bomba. Nunua maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Hapa soma lebo mara mbili: unataka maji, si asidi. Chupa za vitu hivyo viwili hukaa rafu moja na hufanana, na asidi ya betri ni salfuriki, inaunguza ngozi na macho. Ukifika nyumbani yachemshe dakika 10, uyafunike, yapoe kabisa. Kuchemsha kunaua wadudu na pia kunafukuza hewa iliyomo, ile ambayo baadaye hutoka kama vipovu vidogo vinavyong'ang'ania kioo na kukuaibisha mbele ya mteja. Chupa nazo zichemshwe. Wapo wanaoyadondoshea maji hayo dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Mimi sifanyi, maana inapausha rangi ya sanamu.

Sasa mlima. Tumia epoksi ya kukanda, ile mafundi bomba wanayozibia mabomba yanayovuja. Unakata kipande, unakikanda mpaka rangi mbili ziwe moja, na una dakika chache tu za kukipa umbo kabla hakijawa kigumu, kwa hiyo fanya mlima mmoja mmoja. Vaa glavu. Ukitaka wanyama, vile vinyago vidogo vya jiwe la Kisii vinakaa majini bila neno. Vya mti nimeviacha: hata mpingo, ambao ni mzito kiasi cha kuzama, hunitolea rangi ya chai ndani ya siku chache.

Gundi ya bunduki ni nzuri kwa mapambo makavu, lakini haiingii ndani ya kitu, inalala juu yake tu. Kifuniko cha jemu kina koti laini upande wa ndani, kwa hiyo ilishika koti, maji yakapenya chini yake, mlima ukabanduka na gundi yake yote. Angalia ile milima mitatu: nina hakika chini kuna duara safi la gundi lenye mng'aro. Tumia Araldite, gundi ya tyubu mbili unazochanganya. Kwaruza kifuniko kwa msasa, futa kwa spiriti, kisha paka gundi sehemu yote uliyokwaruza, si chini ya mlima peke yake. Ukiacha alama ya msasa wazi umefunua bati, na bati likikutana na maji ni kutu. Hata ukinunua ile inayojisifu kukauka kwa dakika 5, ipe saa 24.

Kuhusu glita, haikupanda kwa sababu ni nyepesi. Glita ya kawaida ni plastiki nzito kuliko maji. Inaelea kwa sababu ngozi ya maji inaibeba, kama sindano unayoilaza taratibu juu ya maji ya glasi. Iloweke kwanza pembeni, kwenye kikombe chenye maji na tone moja la sabuni ya vyombo, ikoroge, iache itulie. Inayozama ndiyo yako, inayokataa kuzama imwage. Ukizidisha sabuni utapata povu, na povu ndani ya chupa iliyofungwa halina dawa.

Mimi binafsi glita siipendi kwa Kilimanjaro, inang'aa kama gauni la sherehe. Natumia ganda la yai. Lichemshe, menya ule utando wa ndani wote (ukibaki utaoza), lianike, ulitwange, kisha ulichekeche. Vumbi lake litupe maana litakurudishia maji ya mchele. Baki na punje za ukubwa wa chenga za semolina. Linaanguka jeupe, bila makeke. Ila ni zito, zaidi ya mara 2 ya maji, na linakwenda chini haraka.

Kuchelewesha anguko ni kazi ya gliserini. Glita laini anza na sehemu 1 ya gliserini kwa 4 za maji. Ganda la yai panda mpaka nusu kwa nusu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu ni mzito, kwa kutiririka si kwa mizani, kiasi cha mara 6 hadi 8 ya maji matupu, kwa hiyo vijiko viwili vyako ndani ya mililita 300 vilikuwa salamu tu. Joto nalo huulainisha: theluji iliyotulia vizuri Moshi asubuhi itaanguka haraka zaidi Dar mchana.

Na hilo joto liliwahi kunitia hasara. Nilijaza chupa 20 Arusha asubuhi ya baridi, nikazifunga pomoni bila nafasi hata ya punje, kwa kuogopa kipovu. Nikaziweka kwenye buti la basi la Dar. Nilipofungua boksi, karatasi zimelowa na mashati yangu yananata. Maji yakitoka joto la nyuzi 15 kwenda 35 yanatanuka. Kwa chupa kama yako ni mililita 1.5 hivi, na gliserini inazidisha. Kioo hakitanuki kiasi hicho, basi yatatafuta nyuzi za kifuniko, ile mistari ya kukazia. Acha nafasi ya kijiko cha chai, kipovu kitajificha nyuma ya mlima. Zungushia nyuzi hizo silikoni ya madirisha, funga, na uisimamishe kifuniko kikiwa juu kwa siku nzima kabla ya kuipindua.

Mwambie kila mnunuzi asiiweke dirishani. Tufe la maji ni lenzi, na jua likipita humo linaweza kuunguza pazia. Hata asili yake ni hiyo: Erwin Perzy, fundi wa vifaa vya upasuaji wa Vienna, mnamo mwaka 1900 alikuwa akitafuta kuongeza mwanga wa taa kwa tufe la kioo lenye maji, kama walivyofanya washona viatu. Akatia chenga za semolina zisambaze mwanga, akaona zinaanguka kama theluji. Familia yake bado inayatengeneza Vienna, ingawa semolina waliiacha. Nawe usiijaribu, inavimba na kuoza.

Za kutundika kwenye mti, chupa ya mililita 300 isahau. Ikijaa inakaribia nusu kilo na tawi litainama mpaka sakafuni. Tumia vichupa vya dawa vya mililita 30. Ile mipira ya plastiki inayofunguka katikati ijaze theluji kavu tu, mshono wake hauzuii maji.

Kabla ya kufunga hata moja, chukua glasi ya maji uliyoyachemsha, tumbukiza mlima mmoja uliopakwa rangi pamoja na theluji yako, uiache siku 3. Kikitoka chochote, kimeharibu glasi moja badala ya chupa 12.

Ya dada yako itengeneze peke yake. Maji yakiganda yanatanuka kwa asilimia 9 hivi, na Desemba ya Minneapolis inaweza kuyagandisha hata ndani ya gari lililoegeshwa, kioo kikapasuka. Nusu kwa nusu ya gliserini haigandi mpaka baridi ifike kwenye nyuzi 20 na kitu chini ya sifuri. Yake basi iwe ya ganda la yai, linalouhitaji uzito huo. Mgeni aiweke kwenye begi kubwa la kupimwa, katikati ya nguo, ndani ya mifuko miwili. La mkononi litamkwamisha, maana kikomo cha vimiminika huko kwa kawaida ni mililita 100.