Kadi za Hakeem Olajuwon: mmeuliza, najibu

Meseji kuhusu kadi za picha za Hakeem, yule mchezaji wa kikapu wa NBA, zimekuwa nyingi, nimechagua tano maana nyingine zote zilikuwa zinauliza kitu kilekile.

Nina kadi ya kampuni ya Fleer ya 1986 namba 82, jina limeandikwa Akeem, herufi H haipo. Si ni kosa la kiwandani hilo? Bei inapanda?

Haipandi kaka, pole. Jamaa mwenyewe enzi hizo alikuwa anaandikwa hivyohivyo, H kaja kuiweka 1991, kwa hiyo kadi zake za miaka ya mwanzo zinasema Akeem, yako, yangu na ya kila mtu. Ungeniambia unayo ya 1986 iliyoandikwa Hakeem hapo ndo ningekwambia umepigwa mchana kweupe.

Kama alianza kucheza 1984, inakuwaje kadi ya 1986 ndo iitwe ya ruki, yaani ya mchezaji anayeanza?

Hapa watu wanagombana mpaka kesho. Kadi za msimu wake wa kwanza zipo, zilitolewa na kampuni ya Star, ila ziliuzwa kwa seti kwenye vifuko vya plastiki, hazikuwa za kununua pakiti na kubahatisha, ndo maana wengi wakaihesabu ile ya Fleer. Mimi kwangu ya Star ndo ya kwanza, ila nikiuza nauza kwa hesabu za wengi, sina ujinga huo.

Timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya 1984, Hakeem alichaguliwa wa kwanza, Michael Jordan wa tatu. Mbona kadi zao bei ni mbingu na ardhi?

Na zimo kwenye seti moja kabisa, ile ya kadi 132, Jordan ni namba 57. Hakeem kachukua ubingwa na Houston Rockets 1994 na 1995, hamna anayembishia uwezo, ila bei ya kadi haifuati takwimu za uwanjani, inafuata wangapi wanaitaka. Mapema 2021 ile ya Jordan yenye gredi 10, ya juu kabisa, ya PSA, kampuni inayopima hali ya kadi, ilifika dola 738,000, na mwaka uliofuata ikawa inauzwa chini ya nusu ya hapo, sasa fikiria aliyenunua kule juu. Halafu wenye kutengeneza feki wanamkimbilia zaidi Jordan, kwa hiyo sisi wa Hakeem tunapumua kidogo. Kidogo, sijasema ulale.

Nitajuaje kama kadi yangu inafaa kupelekwa kupimwa gredi?

Osha mikono, kausha, kaa kwenye mwanga mzuri. Anza na kona nne, hiyo Fleer ina fremu nyekundu, nyeupe na bluu, sasa pale kwenye rangi ikimeguka hata punje inaonekana nyeupe kama jino. Kisha angalia picha kama imekaa katikati, linganisha upana wa fremu kushoto na kulia, juu na chini, nyingi za mwaka ule zimeegemea upande. Malizia na uso, ilaze chini ya taa uizungushe taratibu, mikwaruzo itajitokeza yenyewe. Na upime! Niliwahi kununua moja yenye kona kali kama wembe nikajiona mjanja, nilivyoipanga na kadi nyingine za seti hiyohiyo nikakuta imepungua kwa upana wa unywele hivi, kumbe mtu kaikata kingo ili kona zionekane mpya, na ikishakatwa hao wapimaji hawakupi namba yoyote. Muuzaji nilimtafuta, kimya. Kingine, usiifute na kitambaa chenye maji wala usiifunge rababendi, ivalishe kifuko laini kwanza ndo uiingize kwenye plastiki ngumu.

Nina boksi zima la kadi zake za miaka ya tisini mwanzoni, na mtandaoni nimeona moja inauzwa dola 500.

Inauzwa au imeuzwa, dada? Mtu anaweza kuandika hata milioni, hamna wa kumzuia. Ukiwa eBay chuja zile ambazo zimeshalipiwa, tafuta kadi ileile na hali ileile, angalia mauzo kadhaa ya karibuni sio moja tu iliyokufurahisha. Miaka hiyo kadi zilichapwa kama magazeti kwa hiyo nyingi humo ni za kugawia watoto, ila ukikuta kadi ya toleo la Finest la msimu wa 1993-94 iinamishe kwenye taa, ikitoa rangi za upinde wa mvua iweke pembeni, hiyo ni rifrakta, ndo wanavyoziita zinazong'aa hivyo, usiigawe kabla hujaulizia.