Dubu Uani: Kwa Mliohamia Milimani Vermont

Ndugu wanaohamia vijijini huku Vermont, Marekani, chini ya milima ya Green Mountains, huniuliza habari za baridi kwanza, kisha dubu. Baridi mtaizoea. Kuhusu dubu, tulieni niwaambie ninayoyaona hapa.

Vermont tuna dubu mweusi peke yake. Ni mwoga, ila pua yake ni balaa. Anachofuata ni chakula, kama nyani wa kwetu na mahindi: akishaonja bure, kesho atarudi, na woga utakuwa umempungua.

Aprili, anapotoka kwenye usingizi wake wa majira ya baridi, msituni karibu hakuna kitu. Jirani yangu alikuwa ametundika mbegu za alizeti za ndege. Asubuhi tulikuta nguzo ya chuma imelala chini, chombo kimepasuliwa, na kwenye theluji nyayo za kisigino na vidole vitano, kila kidole na alama ya ukucha mbele yake. Lisheni ndege wakati wa baridi kali tu.

Na sisi watu wa nyama choma ndio tujihadhari zaidi. Mafuta yaliyoganda kwenye wavu yananukia usiku kucha. Ukimaliza kuchoma, acha moto uyaunguze, kisha sugua. Mifupa na vichwa vya samaki viweke kwenye friza mpaka siku ya gari la taka, na pipa litoke asubuhi hiyo, si usiku wake. Kuku wanataka uzio wa umeme. Banda la mbao analing'oa. Wakati wa vuli ndiyo hatari, anaweza kula kalori 20,000 kwa siku, kwa hiyo matufaha yaliyoanguka yaokoteni.

Mkikutana njiani, usikimbie. Anafika kilomita 50 kwa saa, na mti anaupanda kukushinda. Simama, inua mikono, ongea naye (Kiswahili anakielewa vizuri tu), rudi nyuma polepole, mwachie njia. Ukiona watoto wa dubu juu ya mti, mama yupo karibu, geuza safari. Mbwa mfunge kamba, maana humchokoza dubu halafu akakimbilia kwako, dubu nyuma yake.

Akipiga ardhi na kugonganisha meno, ana hofu, anataka umpishe. Watafiti waliohesabu watu waliouawa na dubu weusi Marekani na Kanada kati ya 1900 na 2009 walipata 63, na wauaji wengi walikuwa madume yaliyokuwa peke yao, yakiwinda. Kwa hiyo mimi namhofia zaidi yule anayekufuata kimya huku akikukazia macho. Huyo usimpe mgongo: mpigieni kelele, mrushieni mawe, watoto wakae katikati yenu, na dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu iwe mkononi, si ndani ya begi. Akikurukia, usijilaze ukajifanya maiti. Pigana naye, umlenge usoni na puani.