Hesabu siku za yai, na mume apimwe pia

SWALI: Shangazi, nina miaka 39, naishi Matondoni, Lamu. Mwanangu wa kwanza ana miaka 11. Mwaka mzima natafuta wa pili, sipati. Mume ni baharia, huja nyumbani wiki moja kila mwezi. Mawifi wanasema nina chango, wameniletea dawa ya kuchemsha. Niinywe?

JIBU: Mwanangu, kwa kalenda mmejaribu mwaka, kwa hesabu ya yai huenda ni mara mbili tatu tu. Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu za mume huweza kulingoja mwilini mwako hadi siku 5. Wiki yake ikiangukia baada ya yai, mwezi huo umekwenda bure.

Siku ya kwanza ni damu inapoanza, si inapokatika. Hapo wengi hukosea. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kama mzunguko wako ni wa siku 28, kutaneni kila baada ya siku moja, tangu siku ya 8 hadi ya 15. Ukiona ute unaovutika kama wa yai bichi, msingoje kesho. Mpe mume tarehe hizo kabla hajapanga safari.

Kwa umri wako uchunguzi huanza baada ya miezi 6, na ni wa wote wawili. Mtoto wa miaka 11 si cheti cha mbegu za leo! Kipimo cha mume ndicho chepesi. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa manii, kisha atoe kwenye chupa ya maabara, bila mate, sabuni wala kondomu. Chupa ifike ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili, si kwenye barafu. Kutoka Matondoni, mkisubiri mashua, saa imepita. Atoe hukohuko Lamu mjini.

Wewe utapimwa homoni siku ya 2 hadi ya 4 ya hedhi, altrasaundi, na pengine picha ya mirija ya uzazi, ambayo hupigwa damu ikishakatika, kabla ya yai kutoka.

Dawa ya mawifi iache: hujui kilichomo, na mimba ikiingia utakuwa ukiinywa bila kujua. Meza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, tangu leo. Kama una kisukari au kifafa, muulize daktari kwanza kiasi chako. Hedhi ikichelewa, pima mkojo. Ukipata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au damu, nenda hospitali siku hiyohiyo: mimba hutunga nje ya kizazi zaidi umri unaposonga.